Mgeni Katika Kilabu cha Rwimbogo: Atazame Mtungi au Atazame Watu?

Hakuna mahali ambapo mgeni hutoa hukumu upesi kama katika kilabu cha pombe cha kijijini. Akiingia shuleni husubiri aelezwe. Akiingia zahanati huuliza kwanza. Lakini akiinamisha kichwa kupita mlango mfupi wa kilabu, akaona wazee wanne wamekizunguka kibuyu kimoja na mrija ukipita mkono hadi mkono, huwa amekwisha kuamua. Mmoja husema moyoni kwamba hapa pana uchafu. Mwingine husema hapa pana utamaduni, akatoa kamera. Wawili hawa hudhani wanapingana, kumbe kosa lao ni moja: wote wametazama mtungi, wala hawakuwatazama watu.

Jambo hili lastahili kuangaliwa kwa makini na watumishi wa vyombo vya ulinzi pamoja na jamaa zao, kwani askari ni mgeni wa kudumu. Leo yuko mjini, mwakani amehamishiwa mpakani, na kila aendako hukuta watu wenye desturi yao ya kumkaribisha mtu. Namna atakavyokaa katika kilabu cha mahali hapo itaamua kama wenyeji watamwita mtu wao au watanyamaza kila apitapo. Itaamua pia mshahara wake utafika nyumbani ukiwa na uzito gani.

MAHALI PENYEWE

Rwimbogo ni moja ya sekta 18 za Wilaya ya Rusizi, katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda. Kabla ya mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 eneo hili lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Cyangugu, na watu wazima wengi wangali wanalitumia jina hilo. Ndani ya neno Rwimbogo limo neno imbogo, ambalo kwa Kinyarwanda ni nyati. Lakini siku hizi anayekutana na msafiri njiani ni mbuzi, au baiskeli iliyobebeshwa mikungu ya ndizi hadi mwendeshaji haonekani. Juu kuna Kamembe, mji wa soko na forodha. Chini kuna bonde la Bugarama, nchi ya joto na mashamba ya mpunga. Mto Rusizi, utokao Ziwa Kivu kwenda Ziwa Tanganyika, ndio mpaka na Kongo. Burundi nayo haiko mbali.

Kwa hiyo kilabu cha upande huu hakikosi wageni. Mfanyabiashara wa Bukavu hupumzika hapo. Dereva wa lori la mchele huagiza mishikaki ya mbuzi, ambayo wenyeji huiita burusheti. Mwalimu aliyehamishwa kutoka kaskazini hujifunza hapo majina ya watu. Kinyarwanda ndicho kinachotawala, lakini Kiswahili nacho kina kiti chake, kwani kilikuwa lugha ya soko la Kamembe na Bugarama muda mrefu kabla hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017.

Kilabu chenyewe wenyeji hukiita akabari, yaani baa ndogo. Aghalabu ni nyumba ya udongo au matofali yenye bati juu, benchi mbili tatu, na ua nyuma. Anayetazamia kuona kaunta na taa za rangi hudhani amepotea njia.

ANAYOYAONA MGENI

Kila mgeni huja na macho yake. Mtalii wa Ulaya, ambaye yamkini ametoka kuuona msitu wa Nyungwe, huvutiwa na mrija na kibuyu. Katika baadhi ya vijiji vya Rwanda vinavyopokea watalii, wageni hulipa ili waonyeshwe pombe ya ndizi inavyokamuliwa, na wao wenyewe hutia mikono. Ni jambo jema, na huleta fedha kijijini. Lakini maonyesho si kilabu. Katika maonyesho mgeni ndiye kiini cha shughuli. Katika kilabu mgeni ni mtu mmoja aliyeongezeka kwenye benchi, na mazungumzo yalianza kabla hajazaliwa.

Mtoto wa mjini aliyekuja kumsalimia babu yake huona aibu. Amezoea bia ya chupa, nayo bia hiyo imekuwa alama ya maendeleo nchini tangu kampuni ya Bralirwa ianzishwe Gisenyi mwaka 1957. Huyu hudhani kibuyu ni umaskini. Hajui kwamba babu yake aweza kununua chupa akitaka, ila chupa hunywewa na mtu mmoja, na mzee hakuja pale ili anywe peke yake.

Mtu wa Kivu aliyevuka mpaka hashangai chochote. Kwao pombe hiyohiyo huitwa kasiksi. Mrundi naye hubadili herufi moja tu: kinachoitwa urwagwa Rwanda, kwake ni urwarwa. Mhaya wa Kagera angeonja na kusema huyu ni ndugu wa rubisi, na Mganda angemwita tonto. Nchi zote za ndizi zinazozunguka maziwa haya zimekunywa kitu kimoja kwa majina mengi, na hilo peke yake lingetosha kumfundisha mgeni kwamba hajafika mwisho wa dunia.

Wapo pia wageni waliokaa muda mrefu wakatazama vizuri. Christopher Taylor, mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Marekani, alifanya utafiti Rwanda katika miaka ya 1980, na kitabu chake cha mwaka 1992 kilionyesha kwamba maziwa, asali na pombe vinavyopita kati ya watu ni alama ya uhusiano wao. Kinapokoma kupita, watu hujua uhusiano umeingia dosari. Danielle de Lame, mtaalamu wa Ubelgiji, aliishi mwishoni mwa miaka hiyohiyo kwenye kilima kimoja cha Kibuye, kaskazini ya Cyangugu, na kitabu chake kikatoka mwaka 1996. Huyu aliandika kwa kirefu jinsi pombe ilivyogawanywa: nani alipewa, nani alikosa, na fedha zilivyobadili ugawaji huo. Wote wawili waliutazama mrija, lakini swali lao halikuwa kama ni msafi au mchafu. Waliuliza umetoka kwa nani na unakwenda kwa nani.

POMBE ISIYO NA HARAKA

Mgeni anayetaka kukifahamu kilabu na aanze na kazi iliyomo ndani ya kibuyu. Ndizi za pombe huvunwa zikiwa zimekomaa lakini mbichi. Huwekwa katika shimo lililopashwa moto na kutandikwa majani ya mgomba, kisha hufunikwa kwa udongo ili ziive pamoja kwa siku kadhaa. Zikiiva humenywa na kutiwa katika hori refu la mti, lililochongwa mfano wa mtumbwi, liitwalo umuvure. Hapo husongwa kwa nguvu pamoja na majani makavu mpaka maji yake yatoke safi. Maji hayo matamu ni umutobe, na ndiyo sehemu ya watoto na ya kila asiyekunywa pombe.

Kinachobaki huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, ambao ndio huleta chachu na rangi. Hori hufunikwa kwa majani ya mgomba mahali penye joto, na baada ya siku moja hadi tatu urwagwa huwa tayari. Haungoji mtu. Siku chache zikipita huchachuka, na aliyeutengeneza hupata hasara. Ndiyo sababu pombe ya kijiji hutangazwa siku ya kuiva, majirani hukusanyika siku hiyo, na kilabu hujaa leo kikawa kitupu keshokutwa.

Mbali na urwagwa, ipo pombe ya mtama iitwayo ikigage, iliyo nzito na hushibisha, na ile ya asali iitwayo inkangaza, ambayo ni ya heshima na haionekani kila siku. Posa haikamiliki bila vinywaji, wala mahari, wala matanga. Katika gacaca ya zamani, kabla ya mahakama za kisasa, wazee walipomaliza kuamua ugomvi wa mpaka wa shamba au wa mbuzi aliyekula mahindi, aliyekosa alitoa pombe, ikanywewa na pande zote mbili. Pombe hiyo haikuwa anasa, bali ilikuwa sahihi ya hukumu. Yafaa kutochanganya mambo hapa: mahakama za Gacaca zilizofungwa Juni 2012 zilihukumu makosa ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, wala uzito wa makosa hayo haukuwa wa kumalizwa kwa mtungi. Lakini hata baada ya msiba huo, majirani wa vilimani walijua maana ya mtu kupokea kinywaji kutoka mkono wa mwenzake, na maana ya kukikataa.

FUNDA LA KWANZA

Jambo ambalo wageni wengi hawalioni hutokea kabla hawajaketi vizuri. Mwenye kilabu huleta kibuyu, na kabla hajamkabidhi mgeni, yeye mwenyewe huvuta funda moja. Kwa Kinyarwanda huitwa gusogongera, kuonja. Mgeni asiyejua hudhani mama huyu hana adabu: iweje anywe yeye kwanza? Kumbe adabu yote imo humo. Anasema bila maneno: kilichomo humu nimekinywa mimi, kikikudhuru, kitanidhuru nami.

Hofu ya sumu ni ya zamani katika nchi hizi, na desturi ya kuonja ndiyo iliyokuwa jibu lake. Imeingia hata katika bia ya kiwandani. Katika baa za Rwanda chupa hufunguliwa mbele ya mnywaji. Ikiletwa ikiwa imekwisha kufunguliwa, mtu huirudisha bila ugomvi na mhudumu haudhiki. Mtalii hudhani ni utaratibu wa kibiashara tu. Sivyo, ni lile funda la kwanza lililobadili nguo.

Hivyo msingi wa kilabu ni imani. Mtengenezaji anajulikana, nyumba yake inajulikana, shamba lake la migomba linaonekana kutoka mlangoni. Mnywaji anajulikana pia: deni lake, ugomvi wake, na kiasi anachoweza kubeba. Mzee aliyezidisha husindikizwa nyumbani na vijana. Anayeanza kupaza sauti hunyang'anywa mrija kwa utani kabla haijawa shari. Hakuna bango lililoandikwa sheria hizi ukutani, lakini zinafuatwa. Mgeni anayetaka kujua kama kilabu fulani ni kizuri asihesabu viti. Na atazame kama mwenyeji ameonja, na kama mlevi ana mtu wa kumsindikiza.

MRIJA MMOJA, MIDOMO MINGI

Sasa na isemwe habari ya mrija, maana hapo ndipo msifu utamaduni na mchukia uchafu hupigana. Kunywa kwa mrija kutoka mtungi mmoja si ajabu ya Rwanda peke yake. Watu wa Teso, nchini Uganda na Kenya, huzunguka mtungi wa ajon wakiwa na mirija mirefu. Katika kaburi la malkia Puabi huko Ur, nchi ambayo leo ni Iraki, ulikutwa muhuri wa kale wenye umri wa miaka ipatayo 4,600 unaoonyesha watu wakinywa kwa mirija kutoka mtungini. Kwa hiyo anayecheka mrija anacheka desturi iliyo kongwe kuliko karibu miji yote ya dunia.

Hata hivyo, ukongwe si dawa ya ugonjwa. Mate hubeba mafua, malengelenge ya mdomo, homa ya uti wa mgongo na maradhi mengine. Rwanda ilijifunza jambo hili kwa gharama. Korona ilipoingia, baa zilifungwa Machi 2020, na hazikuanza kufunguliwa hatua kwa hatua mpaka Septemba 2021, yaani baada ya miezi kama 18. Tarehe 27 Septemba 2024 serikali ilitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg, vinavyoambukiza kwa majimaji ya mwili wa mgonjwa. Wagonjwa 66 walithibitishwa na 15 kati yao wakafa kabla mlipuko haujatangazwa kumalizika tarehe 20 Desemba 2024. Ng'ambo ya mpaka, mashariki ya Kongo, Ebola ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,000 kati ya 2018 na 2020. Mtu anayeishi Rusizi hawezi kuyahesabu mambo haya kuwa habari za mbali.

Basi je, desturi ife? La. Yafaa kutofautisha kiini na ganda. Kiini ni kunywa pamoja na kuonjewa na mwenyeji. Ganda ni mdomo wa pili kushika mrija wa kwanza. Ganda laweza kubadilishwa na kiini kikabaki. Kila mtu na awe na mrija wake, mtungi ubaki mmoja. Au, lililo bora zaidi, pombe imiminwe kutoka kibuyu kimoja katika vikombe vilivyooshwa kwa maji moto na sabuni. Mwenyeji aweza kuonja kwa kikombe chake mbele ya wote, na heshima ikawa ileile. Watu watakuwa wamekunywa pombe moja, siku moja, kwa furaha moja. Hakuna babu wa mtu yeyote aliyesema kwamba udugu umo ndani ya mate.

Maji yanayotumika yana hatari yake pia. Pombe iliyoongezwa maji ya mto yasiyochemshwa yaweza kuleta kipindupindu na homa ya matumbo. Mtengenezaji mwaminifu huchemsha maji, huosha hori, na hanawi mikono kwa kuifuta kwenye kanga. Mteja ana haki ya kuuliza, mradi aulize kama mtoto wa nyumbani na si kama mkaguzi.

KINYWAJI KISICHOTAJWA KWA SAUTI

Katika baadhi ya vilabu kuna kinywaji ambacho hakiletwi mezani mpaka mgeni aangaliwe usoni kwanza. Hicho ni kanyanga, pombe kali ya kukenekwa, ndugu wa gongo la Tanzania, chang'aa ya Kenya na lutuku ya Kongo. Sheria ya Rwanda huihesabu miongoni mwa dawa za kulevya, na mtu akikutwa nayo huwa na kesi nzito. Mara nyingi huvushwa mpakani usiku, kwa hiyo mnunuzi hajui imepikwa na nani, wapi, wala kwa chombo gani.

Hapa ndipo desturi ya funda la kwanza hufikia mwisho wa uwezo wake, na kila mwenye nyumba na alijue jambo hili vizuri. Kuonja kwa mwenyeji kulimlinda mgeni dhidi ya chuki ya mtu. Hakumlindi dhidi ya methanoli. Sumu hii, inayoingia katika pombe hasa mtu anapochanganya spiriti ya viwandani ili kuiongeza nguvu, haina ladha ya kuitofautisha, wala haiangushi mtu papo hapo. Mwenyeji aweza kuonja kwa moyo safi, wote wakanywa, wakaagana kwa kicheko, na msiba ukafika kesho yake. Mwishoni mwa mwaka 2021, wakati wa Krismasi, watu kadhaa walikufa katika Wilaya ya Bugesera na katika jiji la Kigali baada ya kunywa pombe ya ndizi iliyotiwa chupani na kuuzwa madukani, na methanoli ndiyo iliyotajwa kuwa chanzo. Maadam ilikuwa ndani ya chupa yenye karatasi, wengi hawakuishuku.

Dalili zake ni hizi: kichwa kuuma sana, kutapika, tumbo kuuma, kupumua kwa haraka, na zaidi ya yote macho kuona ukungu au giza. Aghalabu hutokea saa 12 hadi 24 baada ya kunywa, na familia hudhani ni uchovu wa ulevi. Mtu wa namna hiyo asiachwe alale apumzike, wala asinyweshwe maziwa kwa kutumainia yatamponya. Apelekwe hospitali mara moja. Katika Wilaya ya Rusizi ziko hospitali za Gihundwe na Mibilizi. Kama kinywaji kilibaki, kichukuliwe pamoja naye, na wote waliokunywa naye waitwe, hata wasiosikia lolote. Dakika zinazopotea kwa aibu ya kusema alikunywa nini ndizo zinazopofusha.

Kwa vinywaji vya chupa, na iangaliwe alama ya ubora ya Bodi ya Viwango ya Rwanda. Kwa pombe ya kibuyu, alama ni mtengenezaji mwenyewe: awe anajulikana, awe amesonga ndizi zake mchana watu wakiona, na awe hauzi kitu chenye nguvu isiyoelezeka kwa bei isiyoelezeka.

WASIOKUWEPO KWENYE BENCHI

Mgeni akimaliza kuwatazama waliopo, na aulize habari za wasiokuwepo. Kilabu cha mchana kina wanaume wengi. Lakini mtama uliokaangwa mara nyingi ulikaangwa na mwanamke. Kuni na maji vilibebwa na mwanamke. Na katika nyumba nyingi mwenye biashara ndogo ya kuuza urwagwa ni mwanamke, mara nyingine mjane, anayelipia karo na bima ya afya kwa fedha hiyohiyo. Kwa huyu, hori moja likimwagwa ovyo na mtu mwenye mamlaka ni muhula mzima wa shule uliomwagika.

Yupo mwanamke mwingine, yule anayesubiri nyumbani. Huyu hajali kama kilabu kina utamaduni au hakina. Yeye huhesabu. Mume akiondoka na fedha za mafuta, sabuni na daftari, akarudi na hadithi nzuri, hadithi hazikaangwi. Ulevi wa kupita kiasi ndio mlango ambao ugomvi mwingi wa nyumbani huingilia, na polisi wa kila nchi wanajua saa zake. Serikali ya Rwanda iliamuru kuanzia Septemba 2023 baa zifungwe saa 7 usiku siku za kazi, na saa 8 usiku Ijumaa na Jumamosi. Lakini mama wa Rwimbogo anayeamka alfajiri kwenda shambani angekuambia kwamba kwake yeye usiku ulikwisha zamani kabla ya saa hizo.

Na wapo watoto. Sheria ya Rwanda inakataza kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Mtoto anayetumwa na baba kilabuni na kibuyu kitupu hujifunza njia ya kilabu kabla ya njia ya maktaba. Mwacheni anywe umutobe nyumbani siku ya kukamua. Hiyo ndiyo haki yake katika migomba ya babu.

KWA ASKARI NA NYUMBA YAKE

Mathalani askari kijana amehamishiwa upande wa Rusizi. Jumamosi, akiwa si wa zamu, anakaribishwa kilabuni na jirani. Afanye nini?

Kwanza, aende bila silaha. Pombe na bunduki havikai nyumba moja, hata kwa dakika tano. Akiwa amevaa sare, basi na akumbuke kwamba hakuingia peke yake, ameingia na jeshi lote.

Pili, asalimie wazee kwanza na aketi anapoonyeshwa. Mama mwenye kilabu akimwambia, “Karibu, Afande,” na ajibu, “Asante, Mama,” kisha angoje aonjewe. Akiwa hanywi, kwa imani ya dini yake au kwa afya, aseme wazi tangu mwanzo na aombe umutobe au soda. Wenyeji wamewazoea Waadventista na Waislamu na hawaoni tusi. Tusi ni kupokea kibuyu, kukitazama kwa kinyaa, na kukitua chini bila neno.

Tatu, aombe mrija wake au kikombe. Aseme kwa ucheshi kwamba ana mafua na hataki kuwagawia wazee. Nani atamkasirikia mtu anayelinda afya ya wenzake?

Nne, polisi anapokuwa kazini atofautishe mambo mawili ambayo macho ya mgeni huyachanganya. Mama anayeuza urwagwa wake kwa majirani, na ambaye hajatimiza usafi au kibali, anahitaji kuelekezwa, kupewa muda na kurudiwa. Mtu anayevusha kanyanga au kuchanganya spiriti anahitaji kukamatwa. Akiwatendea wote wawili sawasawa, wa kwanza atajificha kama wa pili. Miezi ya kufungwa kwa baa wakati wa Korona ilionyesha kwamba unywaji uliofukuzwa kilabuni waweza kuhamia vyumbani, ambako hakuna jirani anayemnyang'anya mtu mrija wala kumsindikiza.

Tano, mume na mke wapange fungu la kilabu siku ya mshahara, mezani, kabla fedha haijatoka bahashani: kiasi fulani kwa mwezi, kikiisha kimeisha. Mwanamke anayejua kiasi hicho hana haja ya kumtuma mtoto akachungulie, na mwanamume aliyekikubali mwenyewe haoni aibu kusimama na kuaga. Kilabu kizuri humheshimu mtu anayeaga mapema, maana kinajua atarudi. Kikimcheka na kumzuia mlangoni, hapo hapamfai tena.

Mgeni anayekaa hivi, baada ya miezi michache, hataulizwa tena ametoka wapi. Wazee watamsogezea benchi bila kukatiza mazungumzo, na mama mwenye kilabu atamnong'oneza ni nani kijijini aliyeanza kuuza vitu visivyoeleweka. Habari ya namna hiyo haipatikani kwa msako. Huletwa na imani, na imani huanza pale mtu alipoketi kwa adabu akangoja mwenyeji anywe kwanza.